SAYYID SAID BIN SULTAN NA MANOWARI ZAKE

Baina ya mwaka 2003 na 2004, wajumbe wa mkutano wa kitaifa wa katiba walipokuwa wakikutana katika ukumbi wa Bomas, upande wa Lang'ata, mojawapo ya masuala yaliyozua mjadala mkali lilikuwa lile la mahakama za Kadhi. Wapo waliouliza, tena kwa haki, mahakama hizo zilitoka wapi na kwa nini zilindwe na katiba ya nchi nzima. Waliosoma sheria walijibu kwa kutaja mapatano ya Oktoba 1963 baina ya serikali ya Kenya na ile ya Zanzibar. Waliorudi nyuma zaidi walitaja mkataba wa Desemba 1895, ambao kwao Mwingereza alikodishwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Swali ambalo halikuulizwa sana ni hili: ukanda huo ulipataje kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar hata akaweza kuukodisha?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja, Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Busaidi, aliyeitawala Omani tangu mwaka 1806 na Zanzibar pamoja na sehemu kubwa ya pwani yetu hadi alipofariki mwaka 1856. Habari zake zimeandikwa sana. Katika vitabu vya shule yeye ni baba wa mikarafuu, mpokeaji wa mabalozi na mlezi wa biashara ya misafara. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, nyuma ya mikarafuu na mabalozi kulikuwa na chombo kimoja ambacho bila ya hicho asingefika popote, nacho ni merikebu ya vita yenye kubeba askari na kuwashusha katika pwani ya adui. Tutamtazama kupitia chombo hicho. Msomaji ataona kwamba kilimpa mengi na kilimnyima mengi pia.

Ni vyema kutaja hapa, kwa faida ya wanaoipenda etimolojia, kwamba neno letu manowari ni la Kiingereza lililovishwa kanzu. Waswahili walilisikia kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza walioziita meli zao za vita kwa jina hilo, wakalichukua jinsi lilivyotamkwa, wakalitia katika ngeli na kulizoea. Lugha haikopi neno la chombo ambacho wenyewe hawakukiona. Waliolikopa neno hili walizitazama manowari zikitia nanga mbele ya miji yao, na wengine wao walizitazama kutoka upande wa mdomo wa mzinga.

Said alizaliwa mwaka 1791. Babake, Sultan bin Ahmad, alikuwa mtawala wa Maskati, na alikufa kifo cha baharini: mwaka 1804 aliuawa katika mapigano ya vyombo huko Ghuba ya Uajemi. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Uongozi ukashikwa na binamu yake, Badr bin Saif, aliyeegemea upande wa Mawahabi wa bara Arabu. Mwaka 1806, katika ngome ya Barka, Said alimwua Badr kwa jambia. Inaaminika kuwa mpango huo uliungwa mkono, kama haukuasisiwa, na shangazi yake Moza binti Ahmad, mwanamke aliyekuwa na nguvu kubwa nyumbani humo. Kijana wa miaka kumi na mitano akawa mtawala kwa njia ya damu. Hatuna sababu ya kulificha jambo hili, ingawa wasifu mwingi humwonyesha kama mzee mpole wa Mtoni aliyependa farasi na jahazi.

Urithi alioupokea haukuwa wa raha. Omani ni nchi ya milima na jangwa, na makabila ya bara hayakumtii mtawala wa Maskati isipokuwa yalipopenda. Nguvu ya Maskati ilikuwa bandarini. Aliyekuwa na vyombo alikusanya ushuru, na aliyekusanya ushuru aliweza kuajiri askari, hasa Wabaluchi kutoka ng'ambo ya pili ya bahari. Hapa ndipo tunapoanza kuona mantiki ya maisha yote ya Said. Alikuwa mtawala wa ufuo, si wa ardhi, na jeshi lake lilikuwa la kukodi.

Somo la kushusha askari alilipata katika Ghuba. Mwezi wa Januari 1810 majeshi yake yalishirikiana na Waingereza kuishambulia ngome ya Shinas. Mwishoni mwa mwaka 1819 Waingereza walirudi na jeshi kubwa zaidi kutoka Bombay, wakauteka mji wa Ras al-Khaimah, naye Said akawaunga mkono kwa vyombo na watu. Aliona kwa macho yake jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Manowari kubwa hutia nanga karibu na ufuo kadiri kina kinavyoruhusu na kuanza kuupiga mji kwa mizinga. Wakati huo huo mashua huteremshwa, askari wakashuka kwa ngazi za kamba, wakapigiwa makasia hadi majini ya magoti, kisha wakajipanga mchangani chini ya ulinzi wa mizinga ile ile. Halafu hushushwa mizinga ya nchi kavu, baruti, maji na chakula. Pasipo hivyo vya mwisho, waliotangulia huwa wametupwa tu.

Somo la pili alilipata kwa uchungu. Mwaka 1816 alijaribu kuitwaa Bahareni kwa njia hiyo hiyo, akashindwa. Akarudi tena mwaka 1828, askari wake wakashuka, wakapigwa na kukimbizwa hadi kwenye mashua zao. Katikati ya majaribio hayo, mwaka 1820, alifuatana na kikosi cha Waingereza kwenda bara kuwapiga Bani Bu Ali; kikosi kikavunjwa vibaya, na yeye mwenyewe akajeruhiwa mkononi. Mtu anayeyasoma matukio haya kwa mfululizo huona jambo ambalo Said mwenyewe alichelewa kulikubali. Merikebu inaweza kumfikisha askari ufuoni. Haiwezi kumfanya apigane akiwa ng'ambo ya mchanga.

Pamoja na hayo, aliendelea kujenga merikebu, na alizijenga vizuri. Nyingi ya zilizo kubwa ziliundwa Bombay, katika kiwanda ambacho mafundi wa ukoo wa Kiparsi wa Wadia walikiongoza kwa vizazi kadhaa, kwa mbao za msaji wa Malabar zisizoliwa upesi na mchwa wa baharini. Caroline ilishushwa majini mwaka 1814, Shah Alam ikafuata, na mwaka 1826 ikaja ile iliyoitwa Liverpool, manowari ya mizinga 74. Wakati huo hapakuwa na mtawala mwingine kati ya Rasi ya Tumaini Jema na Ghuba aliyemiliki chombo cha aina hiyo. Karibu nazo zilisafiri bagala na batili za kawaida, ambazo wakati wa amani zilibeba tende na wakati wa vita zikabeba Wabaluchi. Hata manowari zenyewe zilifanya biashara. Sultana, iliyoundwa mwaka 1833, ndiyo ile iliyofika New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman ikiwa na karafuu, pembe na kahawa. Bila shaka mtawala huyu hakuona faida ya kukiacha chombo kikae bure.

Tuingie sasa katika pwani yetu. Kabla Said hajapeleka manowari hata moja huku, Waswahili wenyewe walikuwa wamekwisha kuonyeshana hatari ya kushusha jeshi ufuoni. Katika mwaka wa 1812 au ulioukaribia, majeshi ya Mombasa, chini ya Wamazrui, na ya Pate yalivuka kwa majahazi na mitepe kwenda kuishambulia Lamu. Yalishukia Shela, kwenye ufuo mweupe ambao siku hizi watalii huota jua. Watu wa Lamu waliwakabili, wakawarudisha nyuma. Walipokimbilia vyombo, bahari ilikuwa imekupwa na vyombo vimepwelewa mchangani. Walichinjwa pale pale kandokando ya ngalawa zao, na mifupa yao, kama wenyeji wasimuliavyo, ilikuwa ikifukuliwa na upepo miaka mingi baadaye. Kupwa na kujaa kwa maji kuliamua vita vile kuliko ushujaa wa mtu yeyote.

Ushindi huo uliwatia Walamu hofu ya kisasi. Wakapeleka ujumbe Maskati kumwomba Said ulinzi, naye akawapelekea wali na askari, na ngome ya Lamu ikamalizwa mnamo mwaka 1821. Tazama basi jinsi mlango ulivyofunguka: hakuuvunja, alifunguliwa. Mwaka 1822 majeshi yake yalikuja na kuitia Pate chini yake, na mwaka 1823 yakawapokonya Wamazrui kisiwa cha Pemba. Pemba ilikuwa ghala la chakula la Mombasa, na kuipoteza kulikuwa sawa na kukatwa mkono wa kulia. Wamazrui, kwa kuona hivyo, walijitia chini ya bendera ya Kiingereza. Kapteni Owen wa manowari Leven akawakubalia mwezi wa Februari 1824 bila ya idhini ya wakubwa wake, na London ikaiondoa bendera hiyo mwaka 1826. Wakabaki peke yao.

Inasimuliwa kwamba mmoja wa Wamazrui, Abdallah bin Ahmad, alipodaiwa kodi na Said alimpelekea deraya, baruti kidogo na kibaba cha kupimia nafaka. Ikiwa kisa hiki ni cha kweli, basi maana yake haikuhitaji mkalimani. Mombasa haikuwa mji wa kutishwa. Washairi wake nao hawakuwa watu wa kunyamaza. Muyaka bin Haji, ambaye sote humu chamani tumemsoma darasani, aliishi katika miaka hiyo hiyo na kuyatumia mashairi kuutetea mji wake na kuwakejeli mahasimu. Ni vyema anayesoma diwani yake ajue kuwa yeye hakutunga mbali na mizinga. Alitunga akiziona tanga za adui nje ya mlango wa bandari.

Tanga hizo ziliwasili Januari 1828. Said alikuja mwenyewe, na Liverpool miongoni mwa vyombo vyake, kwa upepo wa kaskazi. Hapa inafaa kufafanua, kwa kuwa sisi wa Nairobi hatuishi kwa pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuvisukuma vyombo kutoka Arabuni kuja kwetu. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Mtawala mwenye makao Maskati na vita Mombasa alikuwa na miezi michache tu ya kufanya kazi yake, kisha ama aondoke na upepo ama akae hadi mwaka wa pili na kuuacha mji wake mkuu mikononi mwa jamaa wenye uchu wa kiti. Aliyezingirwa ndani ya Ngome ya Yesu aliijua kalenda hiyo vizuri kama yeye. Alichohitaji ni kuvumilia.

Tena Mombasa ni kisiwa chenye miamba na mikondo myembamba. Manowari ya mizinga 74 huhitaji zaidi ya mita sita za maji chini ya tanga zake, na njia ya kuingilia bandari ya kale hupita chini ya kuta za ngome. Mizinga ya ngome ilikuwa michakavu, lakini ilikuwa juu. Baada ya kupigana kwa muda, pande zote mbili ziliona afadhali mapatano: Said apewe ngome na aweke humo kikosi chake, Wamazrui waendelee kuutawala mji kwa niaba yake. Akaingia ngomeni, akaacha askari, akaenda Unguja kwa mara ya kwanza maishani mwake, na inaelekea alikipenda kisiwa hicho tangu siku hiyo. Lakini hakukaa. Habari za fitina zilimwita Omani, naye alipoondoka tu Wamazrui waliizingira ngome kwa miezi hadi njaa ikakitoa kikosi chake. Alirudi baada ya muda mfupi, akashindwa. Akarudi tena mwaka 1833, mizinga ikapigwa, askari wakashushwa, na kwa mara nyingine hapakupatikana ushindi.

Katika hali hiyo ya kukata tamaa alifanya jambo linalotuonyesha tatizo lake lilikuwa wapi hasa. Alipeleka ujumbe Bukini kwa Malkia Ranavalona akimposa, na kumwomba askari elfu mbili wa kumsaidia dhidi ya Mombasa. Posa haikufaulu, na hao elfu mbili hawakuja. Msomaji anaweza kucheka, lakini kisa chenyewe ni cha maana. Alikuwa na mbao, mizinga na matanga kuliko mtawala yeyote wa bahari hii. Alichokosa ni watu wa kushuka kutoka ndani ya vyombo hivyo wakiwa na sababu yao wenyewe ya kupigana. Mbaluchi aliyeajiriwa kwa mshahara hakuwa na ugomvi na Mombasa. Mmvita aliyesimama ukutani alikuwa na watoto nyuma yake.

Mji ulioshinda mizinga ulishindwa na ugomvi wa nyumbani. Liwali Salim bin Ahmad alifariki mwaka 1835, na Wamazrui wakagombania urithi wake. Baadhi ya wazee wa mataifa ya Mombasa, kwa kuchoshwa na mabwana hao, walimwendea Said na kumwalika. Mwaka 1837 alifika na vyombo vyake, na ngome ikapatikana kwa mazungumzo na zawadi, pasi na vita vikubwa. Yaliyofuata hayampi sifa. Wakuu wa Kimazrui wapatao ishirini na tano au thelathini walikamatwa kwa hila, wakapakiwa katika merikebu, wakapelekwa kufungwa Bandar Abbas, ambako waliangamia. Waliosalia walikimbilia Gazi na Takaungu, na ugomvi wao na Wabusaidi uliendelea hadi vita vya Mbaruk bin Rashid katika mwaka wa 1895. Kwa maoni ya mwandishi, mwaka 1837 ndio jibu la swali la Bomas. Katika mwaka huo Ngome ya Yesu ilipandishwa bendera nyekundu, na haki ya kukodisha ukanda wa pwani ikazaliwa.

Baada ya hapo Said alihamia Unguja. Vitabu vingine husema alihama mwaka 1832, vingine 1840. Ukweli ni kuwa alihama kidogo kidogo, na kufikia 1840 Unguja ndiyo iliyokuwa makao yake. Aliihimiza mikarafuu, akafanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Misafara ilikwenda bara hadi maziwa makuu, na Kiswahili kikaenda nayo. Wanafunzi wa isimujamii hupenda kulitaja hilo kama neema. Tusisahau aliyebeba mzigo. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na majahazi yaliyowabeba kutoka Kilwa yalipita chini ya manowari zile zile bila ya kuzuiliwa. Said alitia saini ahadi za kupunguza biashara hiyo mwaka 1822 na mwaka 1845, kila mara kwa kushurutishwa, huku mapato yake yakiitegemea.

Liverpool aliitoa zawadi mwaka 1836 kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Waingereza, waliozoea kumwita Imamu ingawa hakuwahi kuchaguliwa kuwa imamu wa Kiibadhi, waliibadilisha jina ikawa Imaum, na hatimaye ikawa chombo cha kuegeshwa bandarini huko Jamaika. Nao walimlipa kwa kumpa Prince Regent, jahazi la kifalme la starehe lenye mapambo. Halikumfaa kitu, naye akalipeleka kwa Gavana Mkuu wa India. Wapo wanaoshangaa kwa nini alitoa manowari yake kubwa kuliko zote. Mwandishi haoni ajabu. Mombasa ilikuwa imekwisha kumfundisha, kwa gharama kubwa, kwamba mizinga 74 haitoshi. Urafiki wa mwenye mizinga elfu ulionekana kuwa bima bora zaidi. Alichokuja kukigundua baadaye, Balozi Hamerton alipofika na kuanza kumshauri asubuhi na jioni, ni bei ya bima hiyo.

Jaribio lake kubwa la mwisho katika pwani yetu lilikuwa Siyu. Mji huu wa kisiwa cha Pate, wa mafundi wa ngozi na wanazuoni, ulikuwa chini ya Bwana Mataka, na ulikataa utawala wake. Katikati ya miaka ya 1840 Said alipeleka jeshi kubwa chini ya Hamad bin Ahmad, jamaa yake na jemadari wake wa siku nyingi, yule yule aliyeongoza safari za 1822. Msomaji aliyewahi kufika Siyu anajua kwa nini kazi ilikuwa ngumu. Mji umejificha nyuma ya mkono wa bahari wenye mikoko na tope, na maji yakipwa hata dau dogo hupwelewa. Manowari zilibaki mbali, haziwezi kuuona mji sembuse kuupiga. Askari wakashushwa upande wa Faza na kuanza kwenda kwa miguu, mbali na mizinga yao, katika njia nyembamba za vichaka. Wasiyu waliwavizia. Jemadari aliuawa, jeshi likavunjika na kurudi vyomboni. Said hakuishinda Siyu maisha yake yote. Ilitiwa mkononi katika enzi ya mwanawe Majid, miaka ya 1860, baada ya kuzingirwa.

Bwana Mataka huyo ndiye mume wa Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa utendi wa mwaka 1858 tunaoutahini kila muhula. Aghalabu tunaufundisha utendi huo kama mawaidha ya mama kwa binti, na ni hivyo. Lakini ulitungwa na mwanamke aliyekuwa mkewe mtu aliyezirudisha nyuma manowari za Unguja. Nadhani darasa lingeusoma kwa makini zaidi kama lingejua ni sauti za nini zilizovuma nje ya nyumba ile.

Mwisho wa Said ulikuwa wa baharini kama wa babake. Alikuwa amekwenda Omani kutuliza mambo, na mwaka 1856 alianza safari ya kurudi Unguja katika manowari yake Victoria. Binti yake Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete na kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, alieleza kwamba babake aliamuru zipakiwe mbao za jeneza ili atakayekufa njiani asitoswe majini kama ilivyo desturi. Tarehe 19 Oktoba, wakiwa karibu na Shelisheli, alifariki yeye mwenyewe, mwenye umri wa miaka sitini na mitano hivi. Mwanawe Barghash, aliyekuwamo chomboni, aliuleta mwili na kuuzika Unguja usiku, kwa siri, akijaribu kukishika kiti kabla ya nduguye Majid. Hakufaulu wakati ule.

Watoto wakagawana. Thuwaini akashika Omani, Majid Zanzibar. Mwaka 1859 Thuwaini alipakia askari katika vyombo vya babake na kutweka matanga kuja kuishambulia Unguja. Waingereza wakamzuia njiani, wakamrudisha, na mwaka 1861 wakaamua kwamba nchi hizo mbili ziwe mbali na Zanzibar imlipe Omani riale 40,000 kila mwaka. 

Barghash alipokuwa Sultani ndiye aliyeipa kampuni ya William Mackinnon haki ya kuuendesha ukanda wa pwani, mwaka 1887. Kampuni ikaanza safari za bara. Mwaka 1890 msafara wa Lugard, wenye wapagazi na askari kutoka pwani, ulifika Dagoretti, akafanya mapatano na Waiyaki wa Hinga na kujenga ngome. Ngome hiyo haikudumu, ikafuatwa na Fort Smith pale Kabete mwaka 1891. Waiyaki alikamatwa mwaka uliofuata akapelekwa njia ya pwani, akafia Kibwezi. Hivyo Kiswahili kilifika katika mitaa hii ya magharibi, Dagoretti, Kabete na Kikuyu, kabla ya reli, na kabla ya Nairobi kuwa hata kituo cha mahema. Anayepanda matatu ya Kawangware kutoka mjini leo anapita jirani na njia ya misafara ambayo mwanzo wake ulikuwa bandari iliyotwaliwa mwaka 1837.

Mkataba wa 1895 ulimpa Mwingereza ukanda huo kwa kodi ya mwaka, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu muda wote wa ukoloni, jengo lenyewe likiwa gereza kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Mnamo Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte walikubaliana kwa barua kwamba ukanda uwe sehemu ya Kenya huru, na kwamba mahakama za Kadhi zihifadhiwe. Katiba ya 2010 ilizihifadhi katika kifungu cha 170. Bendera nyekundu iliteremshwa Mombasa Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, mapinduzi ya Januari 1964 yalimwondoa Sultani wa mwisho wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah, naye akaondoka kisiwani kwa njia ya bahari.